KUPASUA KONGOSHO: NJIA ZA KUTOA UVIMBE USIO NA SARATANI, ZIKITAZAMWA KUTOKA LUENA

1. Utangulizi

Mtu akiambiwa kwa Kiswahili kwamba atapasuliwa ili uvimbe utolewe, ameambiwa ukweli, ila hajaambiwa mengi. Uvimbe huo ukiwa umo katika kongosho, maneno hayo machache huweza kusimamia operesheni nne au tano zilizo mbali mno moja na nyingine. Mojawapo humrudisha mgonjwa nyumbani akiwa na kongosho lake karibu lote. Nyingine humwondolea nusu ya kongosho pamoja na wengu. Nyingine tena humwondolea kichwa cha kongosho, duodeni, kifuko cha nyongo, sehemu ya mfereji wa nyongo na mara nyingi kipande cha mfuko wa tumbo. Zote huitwa kupasuliwa. Zote huitwa kutoa uvimbe.

Makala hii inakusudia kuzitofautisha operesheni hizo kwa lugha ambayo msomaji asiye tabibu ataweza kuifuata, na kuzilinganisha kwa kipimo ambacho vitabu vya upasuaji, vilivyoandikwa kwa ajili ya hospitali kubwa za Ulaya, Marekani na Japani, huwa havikiweki mbele: maisha ya mgonjwa baada ya kurudi kwao. Mahali tulipopachagua ni Luena, mji wa makaa ya mawe katika jimbo la Haut-Lomami, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tutashughulika na uvimbe usio na saratani na ule wa daraja la chini, yaani ule unaokua polepole na ambao ni nadra kuenea. Saratani kali ya kongosho ina hesabu zake nyingine, nasi hatutaigusa.

2. Luena, na mgonjwa wa mfano

Luena iko kando ya njia ya reli inayotoka Lubumbashi kupitia Tenke na Bukama hadi Kamina, makao makuu ya jimbo tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na kufikia mwaka 1928 ilikuwa imeunganishwa hadi Port-Francqui, mji ambao leo huitwa Ilebo. Migodi, reli na kambi za wafanyakazi ziliwakusanya watu wa makabila mengi, na ndivyo Kiswahili kilivyopata kuwa lugha ya pamoja kando ya Kiluba. Hospitali kubwa zenye wapasuaji wa fani mbalimbali ziko Lubumbashi, mamia ya kilomita kutoka hapo: Hospitali ya Jason Sendwe na kliniki za Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Safari yenyewe si jambo la kuandikwa pembeni. Mnamo Machi 2022 gari moshi la mizigo lililotoka Luena, likiwa limepandwa na mamia ya wasafiri wasiokuwa na njia nyingine, lilianguka Buyofwe katika jimbo jirani la Lualaba, na makumi ya watu wakafa.

Tumfikirie sasa mama mmoja wa Luena, mwenye umri wa miaka 35. Si mtu halisi. Tumembuni ili hoja iwe na mwili. Kila anapochelewa kula, hasa alfajiri, hutokwa na jasho, mikono humtetemeka, kisha huanza kusema maneno yasiyo na mpango. Mara mbili ameanguka na kupoteza fahamu. Akinyweshwa chai yenye sukari nyingi huzinduka baada ya dakika chache, asikumbuke lolote. Majirani wamegawanyika: wako wanaosema kifafa, na wako wanaosema mapepo. Yeye mwenyewe amekwisha kujifunza kuamka usiku wa manane kula bukari iliyobaki, na kwa sababu hiyo amenenepa.

Akifika kwenye zahanati, jambo la kwanza atakalopimwa ni malaria, na ni sawa, kwa kuwa malaria kali hushusha sukari ya damu. Kwinini nayo huishusha, kwa kulichochea kongosho litoe insulini zaidi. Basi kipimo kikionyesha sukari ndogo, maelezo yapo tayari: ni malaria, au ni dawa yake. Hapo ndipo ugonjwa halisi huweza kujificha kwa miaka. Allen Whipple, mpasuaji wa New York, aliweka katika miaka ya 1930 dalili tatu ambazo zikikutana zamtaka tabibu atazame mbali zaidi: dalili za upungufu wa sukari zinazotokea mgonjwa akiwa na njaa, sukari iliyopimwa wakati huohuo ikaonekana kuwa ndogo, na nafuu inayopatikana mara tu anapopewa sukari. Uzuri wa kanuni hiyo ni kwamba haihitaji mashine kubwa. Kipima-sukari cha mkononi na muuguzi mwenye subira vinatosha kuanzisha shaka. Kuithibitisha ni kazi ya hospitali kubwa: mgonjwa hufungishwa hadi saa 72 chini ya uangalizi, na damu yake hupimwa kama insulini inaendelea kumwagwa wakati sukari imekwisha kushuka chini ya miligramu 55 katika desilita moja.

Ugonjwa huo huitwa insulinoma. Ni nadra: utafiti wa muda mrefu uliofanywa katika wilaya moja ya Minnesota, Marekani, ulikadiria wagonjwa wapya wanne kwa mwaka katika kila watu milioni moja. Takriban asilimia 90 ya insulinoma hazina saratani, na nyingi hazizidi sentimita mbili. Uvimbe wa ukubwa wa harage humwangusha mtu mzima.

3. Kiungo na jina lake

Kongosho hulala nyuma ya mfuko wa tumbo, likiuvuka uti wa mgongo kutoka kulia kwenda kushoto. Urefu wake ni kiasi cha sentimita 15 hadi 20, na kwa kawaida uzito wake haufiki gramu 100 au huzipita kidogo tu. Kichwa chake kimekumbatiwa na duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, na mfereji wa nyongo hupita ndani yake. Hufuata shingo, kisha kiwiliwili, kisha mkia unaogusa wengu. Ndani yake, kutoka mkiani hadi kichwani, umepita mrija mkuu unaopeleka vimeng'enya kwenye utumbo. Kando ya kazi hiyo ya kumeng'enya chakula, kongosho humwaga insulini katika damu.

Neno lenyewe, kongosho, ni la kamusi kuliko la nyumbani. Maini, figo, moyo na bandama kila mtu anavijua, kwa sababu vina nafasi jikoni na katika mazungumzo ya maradhi. Kongosho halina nafasi hiyo. Huko Katanga tatizo huongezeka, kwa sababu munganga amesomea udaktari kwa Kifaransa, kadi ya mgonjwa huandikwa kwa Kifaransa, na maneno ya kitaalamu yaliyosanifiwa Dar es Salaam, kama yale ya kamusi ya TUKI ya biolojia, fizikia na kemia ya mwaka 1990, hayakusafiri hadi Bukama. Kwa hiyo mgonjwa huulizwa kukubali akatwe kiungo asichokuwa na jina lake. Pendekezo letu ni la kawaida tu: kabla ya kusema "kongosho" kuonyeshwe mahali lilipo na kutajwe kazi zake mbili, ya chakula na ya sukari. Mtu akizijua kazi hizo mbili ataweza kuuliza mwenyewe, "Mkilikata, sukari yangu itakuwaje?" Hilo ndilo swali lenyewe.

4. Si kila uvimbe hukatwa

Insulinoma hukatwa kwa sababu huleta hatari ya papo kwa papo. Aina nyingine zina hukumu mbalimbali. Uvimbe wa majimaji mepesi, ambao ndani yake una vijichumba vingi mithili ya sega la nyuki, karibu daima hauna saratani, na usipomsumbua mgonjwa huachwa. Uvimbe wa ute, unaowapata karibu wanawake peke yao na kukaa kwenye kiwiliwili au mkia, huweza kugeuka saratani kadiri miaka inavyopita. Kwa hiyo aghalabu hukatwa. Uko pia uvimbe ambao Virginia Frantz aliueleza mwaka 1959, unaowapata zaidi wasichana na wanawake vijana. Huo ni wa daraja la chini: hata ukikua na kuwa mkubwa sana, ukitolewa wote wagonjwa walio wengi hupona kabisa. Uvimbe wa seli za homoni usiotoa homoni yoyote, ukiwa chini ya sentimita mbili, siku hizi huweza kuangaliwa tu bila kukatwa.

Hapa pana mtego unaostahili kutajwa kwa sauti. Mtu akigongwa tumboni kwa usukani wa baiskeli, ajali isiyo ngeni katika barabara za Katanga ambako magunia ya makaa ya miti husafirishwa kwa baiskeli, kongosho huweza kupasuka na baada ya majuma kadhaa pakafanyika mfuko wa maji. Mfuko huo si uvimbe, na tiba yake ni kuutoboa ili umwagikie tumboni au nje. Katika ekografia, mfuko wa ajali na uvimbe wa ute hufanana kama mapacha. Mpasuaji akiutoboa uvimbe wa ute kwa kudhani ni mfuko wa ajali, amemwachia mgonjwa ugonjwa uleule pamoja na jeraha jipya. Swali la bure kabisa, "Je, uliwahi kuumia tumboni?", lina thamani hapa kushinda picha isiyo wazi.

Na huku kuangalia bila kukata, ambako Ulaya huhesabiwa kuwa ndiyo njia nyepesi kuliko zote, kwa mtu wa Luena si kwepesi. Maana yake ni skana au kipimo kingine cha picha kila mwaka, kwa miaka mingi, na kila mwaka safari. Tunavyoona sisi, mpasuaji asimwambie mgonjwa wa mbali "tutakuwa tunakuangalia" kabla ya kumwuliza kama ataweza kurudi. Asipoweza, hiyo si njia ya tiba, ni kumwacha.

5. Njia za kukata

5.1 Kuchopoa. Katika njia hii uvimbe peke yake hutolewa, na nyama ya kongosho inayouzunguka huachwa. Jina la kitaalamu katika lugha za Ulaya limetokana na kutoa kokwa. Tumelipendekeza neno kuchopoa, wala si kukokoa, kwa kuwa kukokoa kwaleta picha ya kukwangua sufuria, na katika kazi hii kukwangua ndiko hasa kunakoogopwa. Roscoe Graham wa Toronto aliponya insulinoma kwa njia hii mwaka 1929, miaka minane tu baada ya insulini yenyewe kugunduliwa katika mji huohuo.

Sharti lake ni kwamba uvimbe uwe mdogo, uwe na mpaka ulio wazi, usiwe na dalili ya saratani, na uwe mbali na mrija mkuu kwa milimita mbili au tatu angalau. Faida yake ni kubwa: uwezo wa kutengeneza insulini na vimeng'enya hubaki karibu wote, na wengu haliguswi. Hasara yake ni mvujo. Majimaji ya kongosho hutoka kwenye kidonda na, kwa kuwa kazi yake ni kumeng'enya nyama, huweza kula tishu za mgonjwa mwenyewe. Tangu mwaka 2005 wapasuaji wa mataifa mbalimbali wana tafsiri moja ya mvujo huo, waliyoirekebisha mwaka 2016: majimaji ya mpira wa kutolea uchafu yapimwe siku ya tatu au baadaye, na kiasi cha amilesi kikizidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida cha damu, na hali ya mgonjwa ikaathirika, huo ni mvujo. Baada ya kuchopoa, mvujo hutokea mara nyingi kuliko wengi wanavyotarajia kwa operesheni ndogo kama hii, lakini mara nyingi hukauka wenyewe mpira ukiachwa majuma machache.

5.2 Kukata mkia. Uvimbe ulio kushoto ambao hauwezi kuchopolewa hutolewa pamoja na mkia, na pengine kiwiliwili. Kati ya operesheni za kukata kongosho, hii ndiyo isiyo na kiungio cha kushonwa na utumbo, kwa hiyo ndiyo iliyo rahisi zaidi kufundishwa. Gharama yake imejificha mahali pawili. Kwanza, seli za insulini zimesongamana zaidi mkiani, na wagonjwa kadhaa hupata kisukari baadaye. Pili ni wengu. Mishipa ya wengu hupita mgongoni mwa kongosho, na kwa miaka mingi desturi ilikuwa kuvitoa vyote viwili kwa mkupuo. Andrew Warshaw wa Boston alionyesha mwaka 1988 kwamba mishipa hiyo hata ikikatwa, wengu huweza kuendelea kuishi kwa damu ya mishipa midogo inayotoka upande wa mfuko wa tumbo. Kimura na wenzake wa Japani walieleza mwaka 1996 namna ya kuibandua mishipa yenyewe na kuihifadhi, kazi ya taratibu inayohitaji kufunga vijitawi kimoja kimoja.

5.3 Kukata katikati. Uvimbe ukiwa shingoni, penye mrija, mpasuaji huweza kukitoa kipande cha katikati peke yake, akaufunga upande wa kichwa na kuushona upande wa mkia kwenye utumbo au mfuko wa tumbo. Kichwa na mkia husalia, na kisukari huwa nadra. Lakini badala ya kidonda kimoja kuna viwili, na kila kimoja chaweza kuvuja. Ni operesheni nzuri mikononi mwa aliyeizoea. Kwa asiyeizoea tungependekeza aiache.

5.4 Kukata kichwa. Hii ndiyo operesheni inayoitwa kwa jina la Whipple, ingawa Walther Kausch alikwisha kuifanya Berlin mwaka 1909. Whipple na wenzake waliichapisha yao mwaka 1935. Kwa kuwa kichwa na duodeni hugawana damu, hukatwa pamoja, kisha mpasuaji huunganisha upya mambo matatu: kongosho, mfereji wa nyongo, na mfuko wa tumbo. Mwaka 1978 Traverso na Longmire walifufua namna ya kuuacha mfuko wa tumbo mzima pamoja na mlango wake. Hans Beger wa Ujerumani naye, tangu mwaka 1972, alikuwa akikata kichwa na kuiacha duodeni, kwanza kwa wenye uvimbe-uchungu wa kudumu wa kongosho; baadaye njia hiyo ilitumiwa pia kwa uvimbe usio na saratani. Ni njia ya kuvutia kwa nadharia, lakini kijiateri kimoja kikikatwa kwa bahati mbaya, duodeni iliyoachwa hufa.

Matatizo baada ya kukata kichwa huwapata wagonjwa kati ya theluthi na nusu hata katika hospitali bora. Vifo navyo hutegemea sana mazoea. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 juu ya wazee wenye bima ya serikali ulionyesha kwamba katika hospitali zilizofanya operesheni chache mno za kukata kongosho, asilimia 16.3 ya wagonjwa walikufa. Katika hospitali zilizofanya nyingi, asilimia 3.8. Ugonjwa ni uleule, vitabu ni vilevile. Kwa uvimbe ambao peke yake usingemwua mgonjwa kwa miaka kumi au ishirini, tofauti hiyo ni ya kumfanya mpasuaji aweke kisu chini na kumpeleka mgonjwa mbele zaidi.

6. Mizani ya Luena

Turudi kwa mama yetu. Tuseme uvimbe wake umeonekana mkiani, una sentimita moja na nusu, na uko karibu na mrija kuliko inavyotakiwa. Vitabu vitasema: ama kuchopoa kwa tahadhari, ama kukata mkia. Katika mji wenye kila kitu njia hizo mbili hukaribiana, kwa sababu mvujo ni taabu ya majuma na kukata mkia ni kazi safi inayokwisha siku ileile.

Kwa Luena mizani hugeuka. Mvujo, pamoja na ubaya wake, hutokea akiwa bado hospitalini au karibu nayo, mikononi mwa waliompasua. Kisukari na ukosefu wa wengu hutokea nyumbani. Insulini yahitaji baridi, na baridi yahitaji umeme usiokatika. Yahitaji pia sindano, vipimo, na fedha ya kila mwezi. Mtu aliyepoteza nusu ya kongosho amepunguziwa akiba ambayo angeihitaji uzeeni, hata kama leo sukari yake ni ya kawaida. Wengu nalo ndilo linalochuja damu na kuondoa chembe nyekundu zenye vimelea vya malaria, na ndilo kinga kuu dhidi ya bakteria wenye ganda wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Asiye na wengu huweza kuanza homa asubuhi na kuwa mahututi jioni. Ulaya hatari hiyo hupunguzwa kwa chanjo, ambazo hutolewa walau majuma mawili kabla ya operesheni, na kwa dawa za bakteria zinazokaa nyumbani zikingoja homa. Katika nchi ya malaria ya mwaka mzima homa ni jambo la kila siku, na hakuna anayeikimbilia hospitali kwa hofu kila inapokuja.

Kwa hiyo tunasema bila kusitasita kwamba kwa mgonjwa huyu kuchopoa kujaribiwe kwanza ikiwa kunawezekana hata kwa shida, na ikishindikana, mkia ukatwe na wengu lihifadhiwe, hata kama operesheni itachukua saa moja zaidi. Wako watakaopinga kwamba kulibandua wengu kwa mpasuaji asiyezoea kwaweza kuleta kuvuja damu, na damu ya akiba ni chache. Pingamizi hilo lina uzito. Damu ikianza kumwagika bila kuzuilika, wengu litolewe, na asilaumiwe mtu. Tusilolikubali ni wengu kutolewa kwa desturi tu, kabla hata ya kujaribu.

Na litakapokuwa limetolewa, kazi ya lugha ndipo inapoanza. Barua ya kuruhusiwa huandikwa Kifaransa na humfikia muuguzi wa zahanati, ikiwa haikupotea njiani. Jamaa za mgonjwa hawaisomi. Tungependa pawe na karatasi ya pili, fupi, kwa Kiswahili wanachokisema watu wa hapo, itakayokaa kwa mgonjwa mwenyewe: kwamba bandama yake imetolewa, kwamba alichanjwa tarehe fulani, kwamba akipata homa yoyote asingoje kipimo cha malaria peke yake bali apewe dawa ya bakteria saa ileile, na kwamba asipoweza kusema, anayeisoma karatasi hii aseme kwa niaba yake. Neno bandama tumelichagua hapo kwa makusudi badala ya wengu, kwa sababu ni neno litakaloeleweka na wengi zaidi, na muuguzi wa zamu ya usiku hatakuwa na kamusi.